Misumari minne ya ami

Leo nimemuumbua ami yangu mbele ya sinia la wali, na radhi simwombi.

Nakwenda kusoma Korea. Nyumba za kupanga huko zina namna mbili. Ama umpe mwenye nyumba dhamana kubwa mno, ukae miaka miwili bila kodi, ukihama akurudishie yote. Ama dhamana ndogo na kodi kila mwezi.

Mchana tulikuwa kwa ami, Nizwa, huku kwetu Omani. Yeye ana nyumba tatu za kupangisha.

Kusikia tu, akaruka: "Dhamana kubwa usithubutu! Watakula pesa zako. Wewe mgeni, utamshtaki nani?"

Nikamwuliza, kwa adabu zote: "Kama ulivyokula dhamana ya mpangaji wako, yule mwalimu wa Kimisri, ami? Kwa misumari minne tu aliyoipigilia ukutani?"

Mama akanifinya paja.

Ami akasema: "Ah, yule mgeni tu, bwana."

Wallahi kasema hivyo hivyo, tonge mkononi!

Haya, nambieni sina adabu. Nyinyi mngenyamaza?

Nshachagua kodi ya kila mwezi. Wenye nyumba wa Korea siwajui.

Ami namjua.