Ncha ya Pili ya Kamba

Mvua na baridi zilipotufungia nyumbani, mimi na mke wangu tuliwapeleka binti zetu wawili kwenye ukumbi wa parokia, pale mtaani Mapendo, waruke kamba mpaka watoke jasho. Mama yao alishika ncha moja, mimi nyingine, naye ndiye aliyeimba.

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika mama yao, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Niliwapeleka tena. Ncha yake niliifunga kwenye nguzo, nikaanza kuzungusha. Mdogo aliruka. Mkubwa alisimama tu.

“Njoo uruke,” nilimwambia.

“Papa, nani ataimba?”

Nilijaribu, sauti ikanikatika. Akaenda akaifungua kamba kwenye nguzo, akaishika mwenyewe, akaimba. Tangu siku ile hajaruka tena. Yeye huzungusha tu.