Chungu cha Kunde Alichokikandika Mama

Mpaka leo harufu ya kunde zikichemka hunitia kichefuchefu. Hata hivyo hazikosekani nyumbani kwangu.

Mama alipomfuata baba kaburini, nilikuwa nasoma shule ya Wajerumani pale Korogwe. Niliacha masomo, nikarudi Kwamsisi kwa miguu kuwalea wadogo zangu wawili wa kike.

Mama alituachia chungu kikubwa cha kunde. Alikuwa amezichanganya na majivu, akaufunika mdomo wa chungu na kuukandika kwa mavi ya ng'ombe, kama walivyofanya wanawake wote wa kwetu. Mimi nilitoka kwa mwalimu aliyetukagua kucha kila asubuhi. Mavi juu ya chakula! Nikayabandua, nikapepeta majivu yote, nikazimwaga kunde kwenye tenga safi lililo wazi.

Haukupita muda, tenga likawa linatembea. Kila punje ilikuwa imebunguliwa. Ukitia mkono, wadudu wanapanda hadi kwapani, na vidole vinatoka na unga wa kijivu, nao ni kinyesi chao. Nilipozipika, povu lilikuja juu limejaa mabawa. Nikatapika pale pale jikoni. Tangu siku hiyo kunde zikawa za kuku, sisi tukala ugali wa muhogo mweupe usio na doa.

Miezi ikapita. Kitindamimba wetu akaanza kuvimba miguu. Ukimbonyeza, kidole kinaacha shimo. Nywele zikawa nyekundu, akawa anakaa tu ukutani, hataki mchezo. Mtoto wa jirani alivimba vivyo hivyo mwaka uliotangulia, tukamzika.

Bibi wa nyumba ya pili alikuja kuomba moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuku wako wamenona, mwanafunzi. Huyu mbona anavimba?"

"Sijui, bibi. Anashiba kila siku."

"Anashiba nini?"

"Muhogo."

"Na kunde za mama yako?"

"Zina wadudu."

"Basi wadudu wana akili kukushinda wewe! Muhogo unajaza tumbo tu. Kunde ndiyo nyama yetu sisi tusiochinja. Umewanenepesha kuku, umemnyima mtoto."

Nilijichukia kuliko nilivyowachukia wale wadudu.

Kunde zilizobaki tulizitia majini, tukaengua zilizoelea, tukachemsha hadi zikapondeka. Yule mgonjwa aliona kidudu kimoja kwenye mchuzi, akafumba mdomo.

"Kula wewe kwanza, kaka."

Nikala. Kitu kikapasuka kati ya meno, kichungu. Nikameza, machozi yananitoka, nikachota tena. Ndipo akafungua mdomo.

Tulikula hivyo kila siku. Uvimbe ukashuka polepole, na asubuhi moja nikamwona anamkimbiza jogoo uani.

Msimu wa mavuno nilijaza chungu cha mama kunde mpya zilizochanganywa na majivu, kisha nikaenda zizini kwa jirani, nikachota mavi mabichi, bado ya moto, yakanipenya kwenye kucha. Nikakikandika chungu huku nimegeuza uso, nimebana pumzi. Kitindamimba wetu alisimama kando, anacheka.

"Kaka, hukuangalia. Umeacha tundu huku."

Nikageuka, nikaliziba.