Msikiti Uliotazama Mlima

Kijiji nilichozaliwa kilikuwa mbele kidogo ya Buterere, upande wa bonde, mahali ambapo leo kuna mpunga, maji, na vyura wenye sauti kubwa kuliko miili yao. Tulikuwa Waislamu wachache. Babu zetu walikuja kutoka pande za Ujiji na ng'ambo ya ziwa, wakauza chumvi, nguo na mawese kwa wakulima wa pamba, kisha wakaoa na wakasahau kurudi. Tulikuwa na safu ya michikichi, hangari ya pamba yenye mabati, mfereji, na msikiti mdogo. Mgeni akishaelekezwa kwa vitu hivyo hakupotea, isipokuwa awe ametaka mwenyewe.

Msikiti huo ndio nataka kuusimulia, maana ulikuwa na kasoro ambayo sijaiona kwingine.

Wazee wetu waliijua sala kuliko walivyoijua ramani. Walipotaka kujenga waliulizana Makka iko wapi, wakajibiana kwamba iko mashariki. Mashariki ni wapi? Ni kule linakotoka jua. Ilikuwa kiangazi, na asubuhi ile jua lilitoka nyuma ya mlima mmoja tunaouona kutoka bondeni. Basi wakaielekeza mihrabu, ile nusu duara anaposimama imamu, kwenye mlima ule, wakamwaga sakafu nzuri ya sima, yaani saruji, wakainua kuta za udongo, wakasali kwa unyenyekevu wote, miaka kwa miaka, wakiutazama mlima.

Kisha akapita mwalimu mgeni aliyekuwa na dira mfukoni. Aliitazama, akaigongagonga, akatoka nje, akarudi ndani. Akawaambia kwa adabu kwamba sala zao Mungu anazijua, ila nyumba yao imekwenda kulia mno.

Kubomoa hakukuwezekana, maana sima ilikuwa imewagharimu jasho la misimu mingi. Wakaomba lami kidogo kwa mafundi wa barabara, wakachora mistari myeusi juu ya sakafu, ya mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Tangu hapo tulisali kimshazari. Imamu alisimama kwenye pembe, safu ya kwanza ilikuwa fupi, ya katikati ndefu, na ya mwisho ikawa fupi tena. Mihrabu ilibaki pale pale, begani kwetu upande wa kulia, kama mzee ambaye hakuna tena anayemwomba ushauri. Pembe ya nyuma ilikuwa yetu watoto, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeenea mle. Mimi niliijulia sala hapo, vidole vya miguu juu ya lami, na namshukuru Mungu kwa pembe ile.

Zikaja siku za vurugu. Kijiji kilihama kwa usiku na mchana, kila nyumba na njia yake, wengi wakivuka mto kuelekea Kongo. Dada yangu mkubwa alivuka na mtoto mmoja mgongoni, na watatu hakujua wako na nani. Akiwa ng'ambo, kabla hajakausha hata kanga yake, aliweka nadhiri: Mungu akimkusanyia watoto wake wote wanne kwenye mkeka mmoja, atapika pilau katika msikiti wetu na kuwalisha watu wa pale.

Vurugu zilipotulia Dada alirudi akakaa Kamenge, mtaa wa mjini, na watoto wakamrudia mmoja mmoja, kama kuku baada ya mvua. Wa mwisho amerudi mwaka huu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Alikaa kwenye mkeka wa mama yake huko Kamenge, akala, akalala hapo hapo. Kesho yake Dada alikuwa mlangoni kwangu, mtaa wa Buyenzi.

"Mudogo wangu, vaa viatu."

"Tunaenda wapi, Dada?"

"Kwetu."

"Kwetu ni hapa."

"Apana. Kwetu ya kule. Mungu amefanya yake, imebaki yangu. Na hii goti haitaningoja."

Goti hilo limemtesa muda mrefu, na aliogopa jambo moja tu: litamfunga kitandani kabla hajapika, na ataulizwa mbele ya Mola wake kwa nini watoto walikaa mkekani na pilau haikuonekana. Nikampeleka kwanza kwa mwalimu kijana wa msikiti wetu wa mjini. Ni mtu wa adabu, amesoma mbali, na husikiliza wazee hadi mwisho.

"Bibi," alisema, "maskini wako hapa hapa mtaani. Njaa haina kijiji."

"Mwalimu, mi sikumwambia Mungu 'popote'. Nilimwambia 'kule'."

Mwalimu akapapasa ndevu zake chache. "Kama ulitaja mahali, basi ni mahali," akasema. "Nitawasindikiza."

Tulikwenda watatu, kwa tuktuk hadi Buterere, maana dereva alikataa kuendelea. Alisema mafuta yamekuwa adimu na matope hayajawahi kuadimika. Tukashuka, tukafuata matuta ya mpunga, Dada mbele na fimbo yake.

Sikujua kwamba mahali panaweza kuondoka pote hivyo. Michikichi ilikatwa. Mabati ya hangari yamekwenda kuezeka nyumba za watu. Kuta za udongo zilirudi kuwa udongo, na mafuriko yakazisawazisha. Hata mfereji tuliokuwa tunautegemea ulikuwa umechimbwa upya na kupitishwa kwingine.

"Hangari ilikuwa hapa," alisema Dada.

"Hapa ilikuwa michikichi."

"We ulikuwa mutoto, ulikuwa unaona magoti ya watu tu."

"Basi nakumbuka magoti yao yalikuwa kwenye kivuli cha michikichi."

Mwalimu alitembea nyuma yetu, simu yake imelala juu ya kiganja, akitafuta kibla. Aliona kwamba akijua kibla atajua jinsi msikiti ulivyokaa. Hatukumkatiza. Tulikuwa tunashughulika na hangari.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alinyanyuka majini, akajifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa na umri wa binti zetu.

"Bwakeye, wazee. Munatafuta nini?"

"Tunatafuta musikiti," Dada akajibu.

Yule mama hakumtazama Dada. Alitazama simu. "Na huyu anapima nini?"

"Anatafuta kibla," nikasema.

"Kibla ni shamba ya nani?"

Nilielewa hofu yake, na nikaona aibu kwamba sikuifikiria mapema. Katika nchi yetu ardhi ni ndogo na watu ni wengi, na mtu aliyeondoka akirudi kutazama ardhi, mara nyingi safari ya pili huja na karatasi. Mwalimu aliiweka simu mfukoni haraka.

"Hapa hapakuwa na musikiti," alisema yule mama. "Mi nililetwa hapa bibi harusi, nikakuta mupunga."

Dada hakubishana naye, na mimi nilijua hiyo si kawaida yake. Aliegemea fimbo, uso umeshuka. Nikaona kwamba goti limechoka, na moyo pia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, basi nionyeshe mahali pakavu nikae. Halafu tutaenda."

Ukarimu wa watu wa bonde haujui kukataa ombi la namna hiyo. Yule mama alimshika mkono, akatupeleka nyuma ya migomba kwenye sehemu iliyoinuka kidogo. Palikuwa na sakafu ya sima, imepasukapasuka, na juu yake mpunga umeanikwa kote, wa dhahabu, na bata wawili wakijifanya hawauoni. Dada akakaa ukingoni.

Mwalimu alizunguka, na udadisi ukamshinda. Upande mmoja sima ilitokeza nje kwa nusu duara. Akaitoa simu tena, kwa siri safari hii, akaichungulia, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hii ingefanana na mihrabu," akaninong'oneza, "lakini haiwezi kuwa msikiti. Imeelekea mlimani."

Hakunong'ona vya kutosha. Dada alimsikia. Akageuka, akaitazama ile nusu duara, akautazama mlima, akaanza kucheka. Alicheka hadi akalishika goti kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "kama ingeelekea vizuri, ningesema si yetu."

Akaomba ruhusa, akausogeza mpunga kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Chini yake ulikuwa mstari mweusi wa lami, wa mshazari, umekwanguka lakini upo. Nilivua kiatu. Sijui kwa nini nilivua kimoja tu.

"Hiyo mistari tuliikuta," yule mama alisema taratibu. "Ndiyo inatusaidia tusigombane. Kila nyumba inaanika kati ya mistari miwili. Mupunga wako ukivuka mustari, ni wa jirani."

"Na pembe ile ya nyuma?" nikauliza. "Ile ndogo?"

"Ile haitoshi nyumba nzima. Tunaiachia mujane mumoja asiye na shamba, anaanika kile anachookota."

Alhamdulillahi. Wazee wangu walikosea kibla, wakarekebisha kwa lami ya kuomba, na kosa lao likaja kumpa mjane mahali pa kuanika.

Lakini yule mama alikuwa ameshaelewa, na sauti yake ikakauka. "Sasa mutasema ni yenu."

"Mama, mi nataka siku moja tu," alisema Dada. Akamweleza mto, watoto, mkeka, nadhiri. "Nitarudi na sufuria. Karatasi sina."

"Na nani atakula?"

"Niliahidi watu wa pale."

"Watu wa pale si ni nyinyi mulioondoka?"

Dada aligeuza uso. Aliutazama mlima. Najua alichokuwa anakiachia, kwa sababu na mimi nilikuwa nakishikilia: sote tuliotawanyika tunasema "kwetu" kana kwamba mahali panatungoja.

"Apana," akasema mwishowe. "Mi nimekaa Kamenge kuliko nilivyokaa hapa. Watu wa hapa ni nyinyi."

Yule mama alichuchumaa mbele yake, akaokota punje chache zilizovuka mstari, akazirudisha mahali pake. "Basi usilete muchele wa soko," akasema. "Utapika wa kwetu. Wa soko una mawe."

Tulirudi siku ambayo mpunga ulikuwa umeanuliwa. Watoto wanne wa Dada walileta masufuria, mbuzi, makaa na viungo. Yule wa mwisho alikokota mbuzi, au mbuzi alimkokota yeye, sikuona vizuri nani alikuwa mbele. Watu wa mashambani walikuja na sahani zao. Wengi walikuwa Wakristo, na mmoja alinong'ona sala yake kabla ya kula, sisi tukasema bismillahi, na Mungu amesikia zote mbili.

Kabla ya hapo kulikuwa na tatizo moja la jikoni. Mwenye nadhiri hali chakula cha nadhiri yake, hata kuonja Dada alikataa. Alimwita yule mama.

"Onja chumvi, mwanangu. Mi siwezi."

"Inaitaji kidogo."

"Hii?"

"Ongeza. Umepika kama mutu wa muji."

Adhuhuri ilipofika tulisali pale pale. Hakukuwa tena na ukuta wa kutubana, tungeweza kupanga safu popote, lakini kila aliyezaliwa kijijini alitafuta lami kwa vidole vya miguu. Mwalimu alisimama kwenye pembe ya imamu bila kuelekezwa. Simu na lami zilikubaliana kabisa, na nilimwona akitabasamu. Mimi nilirudi nyuma hadi pembe ya watoto. Siku hizi naenea vibaya, lakini naenea.

Tulipotoa salamu, yule mama alikuwa amesimama na mwiko, ametutazama muda wote.

"Kwa nini mumesimama upande?" akamuuliza Dada. "Nyumba ilikuwa inatazama huku."

"Nyumba ndiyo ilikaa upande. Sisi tulinyooka."

Sahani ya kwanza Dada aliipeleka mwenyewe kwa mjane wa pembe ile. Alikwenda bila fimbo, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Sufuria iliisha hadi ukoko, na ukoko ukagombaniwa kwa heshima. Kabla hatujaondoka wanawake walifagia sakafu, wakaanza kumwaga mpunga upya, kila mmoja kwenye kipande chake, na lami ikapotea tena chini ya dhahabu ile.

Tukiwa barabarani Buterere, tukingoja tuktuk, Dada alikaa juu ya sufuria tupu iliyopinduliwa na kunyoosha mguu wake.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Inauma sana," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Sasa acha iume inavyotaka."