Folda za Baba Mkwe

Kabla sijaolewa Rungwe, hakuna aliyeniambia kwamba baba mkwe wangu nitaishi naye miaka na miaka bila kumpa hata shikamoo. Mimi mtu wa Singida, na mdomo ninao. Siku ya kwanza napelekwa Lupepo kwa wakwe, nimejipanga kupiga goti, mama mkwe akanivuta kanga na kunisukumia jikoni. "Baba yako anapita, mwanangu. Usimtazame." Makubwa haya! Nikaelezwa kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na jina lake mke halitamki. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa nyuma. Tukikaribiana njiani, mmoja wetu anaingia migombani. Siku hizi wengi wameacha, ila nyumba ile ilishikilia. Nilinung'unika sana, halafu nikazoea.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, na utundu wa kompyuta aliuanza uzeeni. Wenzake walipotulia na ng'ombe wao, yeye alijifundisha kutengeneza programu za simu. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya manesi. Manesi huletwa huku kutoka Tanga, Mara, Kigoma, na Kinyakyusa hawakijui hata kidogo. Bibi wa kijijini naye Kiswahili chake humwishia pale maumivu yanapoanza. Basi nesi anabonyeza "Unaumwa wapi?" na simu inalitamka swali kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu mzima wa hapahapa. Sauti hizo mzee alizifuata mwenyewe kwa bodaboda, Isongole kwenye mashamba ya viazi, Igogwe, na majirani zake wa Lupepo.

Macho yake yalipoanza kufifia, mume wangu akaniletea ujumbe. "Baba anasema programu uiendeleze wewe, kazi ya kompyuta ndiyo uliyosomea. Yeye abaki kurekodi watu tu. Anasema kurekodi asinyang'anywe."

Nilifurahi, jamani. Niliona nimepewa heshima ambayo hata wanawe hawakuipata.

Programu ilikaa kwenye kile sisi mafundi tunachokiita repo. Ni ghala la mtandaoni linalotunza kila faili na kila badiliko, na linaonyesha nani kabadilisha na kaandika maelezo gani. Kila mwenye ruhusa anaweka kazi yake humo, hata kama hamjaonana. Nilipolifungua nikashika kichwa. Folda zilipangwa kwa watu! Folda ya bibi wa viazi, folda ya mama muuza ndizi, folda ya fundi baiskeli, na ndani ya kila moja mchanganyiko wa kichwa, tumbo, uzazi na homa ya mtoto. Ukitaka kurekebisha sentensi za tumbo, uzunguke kwa wote, nyumba kwa nyumba. Nikasema hapana, huku ni kuishi stoo.

Nikalipanga upya. Folda ya kichwa, ya tumbo, ya uzazi, ya watoto, na za watu nikazifuta zote. Mpaka leo nasema muundo ule ulikuwa bora. Programu ikawa nyepesi, na manesi wakasifu. Lakini bibi wa viazi alikuwa ametawanyika kila folda, na ukimtafuta mzima humpati.

Nikamtuma mume wangu. Yeye ni mnunuzi wa maparachichi, kompyuta kwake ni kama televisheni yenye vitufe. Nikamwambia polepole, "Mwambie baba folda sasa ni za magonjwa. Kila rekodi mpya aiweke kwenye folda ya ugonjwa unaotajwa humo. Akikwama aulize."

Akarudi jioni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa. Sasa we ulitaka acheze ngoma?"

Haikupita muda, nikafungua repo na kukuta folda ya bibi wa viazi imerudi, na rekodi mpya ndani. Nikacheka, nikasema mzee kasahau. Nikazihamishia kwenye folda za magonjwa na kuifuta ile ya bibi. Zikaja nyingine, safari hii za fundi baiskeli. Nikahamisha, nikafuta. Ikaja ya mama muuza ndizi. Hapo damu ikaanza kuchemka. Nikajisemea huyu mzee ananigomea, ananionyesha kwamba programu ni yake na mimi kibarua. Kwenye maelezo ya mabadiliko yangu niliandika neno moja tu kila mara, "Usafi." Niliandika kwa hasira na nilijua atalisoma.

Na mume wangu katikati, mtu wa amani yule! Mimi nikifoka, yeye anafikisha "anakusalimia." Mzee akiuliza, mimi naletewa "hana neno." Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mzee alimwuliza, "Nisimame wapi?" Mume wangu akaona swali la ajabu, akaliacha hukohuko Lupepo.

Halafu rekodi zikakoma. Nilitazama repo wiki hadi wiki, jina lake halikutokea tena kwenye mabadiliko. Niseme kweli, mwanzoni nilipumua. Nikadhani amesusa, na mtu mzima akisusa mwache, atarudi.

Mama mkwe ndiye aliyenifumbua macho. Alikuja kwetu mjini Tukuyu kuona wajukuu, tukawa tunamenya ndizi jikoni. Nikamwambia kwa utani wenye mwiba ndani, "Mama, mzee wako kanisusia kazi."

Akaweka kisu chini. "Nani kasusa? Baba yako hajasusa. Anasema ile nyumba umeipanga yote, imekuwa ya kwako. Mwanzoni kulikuwa na vyumba vyake, akawa anapita humo bila kukutana na wewe. Akarudi kuvisimamisha, ukavitoa. Sasa kila chumba kina mkono wako. Mkwe ataingiaje chumbani kwa mke wa mtoto wake? Ameona aibu, katoka."

Loo! Nilibaki na ndizi mkononi. Mimi nilikuwa naona faili. Yeye aliona njia na milango, na alinikwepa kwa adabu humo ndani kama anavyonikwepa uani kwake. Niliposafisha, kila mara alielewa ninamwambia toka, na alitoka bila kulalamika kwa mtu ila mkewe. Nililia palepale mbele ya mama mkwe, naye akawa ananipigapiga mgongoni akisema yataisha, mwanangu, yataisha.

Siku ileile nikamtengea folda yake mwenyewe, apange watu wake humo. Nilibadilisha programu ili isome na humo, na mimi nisiguse. Sasa, repo haipokei folda tupu. Lazima kuwe na chochote ndani, hata faili moja, vinginevyo folda haihesabiki kuwa ipo. Nikatengeneza faili dogo na kukaa nalitazama. Ukiacha ule "Usafi" wangu, sikuwahi kumwambia mzee yule neno lolote tangu niolewe. Nikaandika, "Karibu, baba. Hapa ni pako, mimi siingii." Nikalituma. Nikamwambia mume wangu kesho yake alfajiri awahi Lupepo, na safari hii afikishe nilivyosema, asitie sukari.

Hakuwahi. Mzee alikuwa ameanguka asubuhi ile, na alipofikishwa hospitali alikuwa amekata kauli. Hakurudi nyumbani akiwa hai.

Matanga yalipoisha, mama mkwe akasema kompyuta nichukue mimi, hakuna mwingine wa kuitumia. Akanipeleka mwenyewe kwenye chumba cha mzee, ambacho sikuwahi kukanyaga, na kunikalisha kwenye kiti chake. Nikaiwasha. Pembeni, nje ya repo, mzee alikuwa amezitengeneza tena folda zote za watu wake, ya bibi wa viazi, ya fundi, ya mama wa ndizi, na wengine nisiowajua. Zilijaa rekodi. Hakuacha kazi hata kidogo, alikosa tu pa kuziweka.

Nikaunganisha intaneti ya simu yangu. Kompyuta ikavuta mabadiliko yaliyokuwa yakiisubiri, na faili langu likashuka mbele ya macho yangu. Karibu, baba.