Shangazi na Chupa ya Mwisho

Shangazi yangu hupima joto na chumvi ya bahari, na melini hakuna anayethubutu kumsogelea akiwa kazini. Hujifunga kitaulo kwenye paji la uso hata kukiwa na baridi, jasho lisije likadondokea chupani. Kipimajoto hukisoma kwa mbali, shingo ameinyoosha, eti pumzi zisikipashe moto. Chupa huisuuza kwa maji yaleyale anayotaka kuyapima, kisha huijaza taratibu huku amebana pumzi, mashavu yamemvimba kama anayepuliza puto. Mimi, mgeni wake wa likizo, niliambiwa nikitaka kupiga chafya niende upande wa pili wa meli.

Siku ya mwisho ilibaki chupa moja tu, ya maji ya kilindini, ndipo tugeuze kurudi nyumbani. Nahodha, kwa furaha, akaanza kumwiga mpishi anavyokoroma. Shangazi, aliyekuwa akiijaza chupa, akajikaza asicheke, mabega yakamtikisika, chozi likateleza hadi kidevuni na kutumbukia chupani. Akayamwaga maji yote.

"Shangazi, chozi moja tu?" nikamuuliza.

"Lina chumvi, mwanangu. Napima bahari au najipima mimi?"

"Mama, watu wana hamu ya kwao," nahodha akalalamika.

"Basi kaa kule, utazame ukuta."

Chombo cha kuchotea maji kikashushwa tena kilindini, nahodha kauelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Shangazi akasuuza, akajaza, akakaza kifuniko, akakijaribu kwa kidole gumba. Kisha akavua kitaulo, akakaa sakafuni, akaanza kuucheka ule mkoromo tangu mwanzo.