Nilimpeleka Binti Yangu Judo, Sasa Naambiwa Nilimtuma Ampige Babake

Admin, tafadhali ficha jina langu, hapa Kitale tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, fundi wa nguo, nimeolewa miaka tisa. Tuna mtoto mmoja, msichana wa miaka minane. Nitamwita Nekesa.

Mwaka jana Nekesa alianza kurudi kutoka shule na sare imeraruka. Kuna msichana mkubwa alikuwa akimsukuma na kumnyang'anya chakula. Nikamwambia mume wangu tumtafutie mchezo wa kujikinga. Akacheka. "Msichana wa kupigana ataolewa na nani?" Lakini hakukataa, basi nikatafuta mwenyewe.

Nilizunguka karibu mwezi mzima. Kwa ndondi nilikuta watoto wadogo wakigongana ngumi za kichwa, watu wazima wakishangilia. Nikatoka. Kwa taekwondo mwalimu alijua kazi, lakini mtoto akikosea teke alichapwa na mshipi mbele ya wenzake. Nekesa akanishika sketi, hakutaka hata kuingia. Mwisho tukafika kwa judo, ukumbi wa kanisa, mwalimu ni mama wa makamo. Alipiga magoti akamfunga Nekesa mshipi, akamwambia, "Hapa tunaanza na kuanguka. Ukijua kuanguka, hutaogopa mtu." Hapo roho yangu ikatulia. Ile nguo nyeupe ya judo nilimshonea mwenyewe, kola nikaipiga mshono mara tatu kwa sababu ndiyo hushikwa.

Sasa niseme kile sijawahi kuambia mtu. Sikumpeleka kwa sababu ya msichana wa shule peke yake. Mume wangu hunipiga. Si kila wiki, na kanisani mtu hawezi kujua. Nilikuwa nikimwona Nekesa amejikunja nyuma ya kochi, ameziba masikio, nikasema huyu hatakuwa kama mimi.

Jumapili moja mwezi uliopita, shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, alikuja kula baada ya ibada. Ugali ulichelewa kidogo. Mume wangu akaanza kunitusi mbele ya mgeni, na siku hiyo nikamjibu. Akainuka, akanishika blauzi shingoni, akajivuta nyuma anipige. Nekesa akaingia katikati yetu. Akamshika babake mkono wa shati kwa mikono yake miwili, akaweka mguu nyuma ya wake vile amefundishwa. Mwanaume akajikwaa kwa stuli, akaanguka chali.

Halafu shemeji akacheka. "Bana, umeangushwa na mtoto wa klasi tatu!"

Ndugu zangu, hicho kicheko ndicho kimevunja nyumba yangu. Mume wangu hakunigusa tena. Alirusha nguo za mtoto kwa mfuko, akampeleka Bungoma kwa mamake. Nekesa alikuwa bado na viatu vya kanisa.

Mama mkwe alinipigia kesho yake. "Mtoto kuangusha babake ni laana. Atapiga magoti mbele ya wazee aombe msamaha, na hiyo michezo yenu iishe. Bila hivyo hatoki hapa."

Nikamuuliza, "Na mimi, Mama, nani ataniomba msamaha?"

"Wewe si ndiye ulimtuma?"

Wiki jana nilienda kumwona. Nilimkuta akichambua maharagwe, hakunikimbilia kama zamani. Shangazi zake wanamwita Mwanajeshi, wanacheka. Akauliza, "Mama, nilikosea? Mwalimu alisema tusaidie mtu akionewa."

Nikamwambia tu kwamba akiomba msamaha atarudi nyumbani.

Akasema, "Nikiomba, Baba ataacha kukupiga?"

Wazee wanakaa Jumamosi hii. Dada yangu wa Kiminini anasema nimchukue mtoto shuleni huko Bungoma, nihamie naye kwake, nisiangalie nyuma. Pasta anasema ninyenyekee, niokoe ndoa. Mume wangu anakula chakula changu na haongei, ni kama ananingojea.

Nikimwambia Nekesa apige magoti, namfundisha kwamba kunitetea ilikuwa dhambi. Nikikataa, huenda nisilale naye nyumba moja tena. Nyinyi wazazi mnaosoma hii, mngekuwa mimi, Jumamosi mngemwambia nini huyu mtoto? Nisaidieni.