Aliyekuwa Akimlisha Mama Yangu

Mwaka jana mama yangu alianza kunenepa, na mimi nilikuwa simlishi.

Soma tena. Sijakosea kuandika.

Naitwa Onesphory, wa Gendabi, Hanang. Ni katekista, mwaka wa tisa huu. Padre huja kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada naongoza mimi.

Mama yangu, Agatha, alipigwa na kiharusi. Kilimwachia mkono mmoja tu, na kauli ikaondoka kabisa. Nikamhamishia nyumba ndogo ya nyuma, maana wageni wa kanisa walikuwa wanakaa sebuleni na mama ananuka mkojo. Niliona aibu, nisiwadanganye.

Asubuhi nampa kikombe cha uji, nafunga geti kwa kufuli, naondoka. Mafundisho, kwaya, jumuiya, misiba ya watu. Wagonjwa wa wenzangu nawapelekea sabuni na sukari, nawaombea mpaka jasho linanitoka.

Jioni nikirudi, mama kalala. Nasema moyoni, acha apumzike.

Mke wangu Bernadina anafundisha Balangdalalu, anarudi Jumamosi. Siku moja akatoka kwa mama anashangaa.

"Baba Rahel, mama kanawiri! Mashavu yamejaa, hana hata kidonda. Unampa nini?"

"Maombi," nikamjibu.

Na nikaamini, aisee! Jumapili nikasimama mbele ya waumini nikatoa ushuhuda: Mungu anamlisha mama yangu bila mkono wa mtu. Watu walilia. Nilijisikia mkubwa kweli.

Wiki hiyo hiyo nikaona ua wa minyaa nyuma ya nyumba ya mama umetobolewa. Upande wa pili wanakaa Wabarabaig, wafugaji, Mama Qamara na familia yake. Ndama wao walishawahi kula mahindi yangu.

Nikajua tu ni wao. Nikakata matawi ya miiba, nikaziba lile tundu kwa hasira zote.

Ijumaa nikaitwa semina ya makatekista Katesh, siku tatu. Bernadina alikuwa anasimamia mitihani, harudi. Nikajaza uji kwenye chupa ya chai, nikaiweka karibu na kitanda.

"Mama, Mungu aliyekulisha atakulisha."

Akanishika shati kwa ule mkono mzima. Akatoa sauti nisiyoielewa, anaonyesha kidole ukutani, upande wa ua. Nikadhani ananiaga. Nikamtoa mkono taratibu, nikaondoka.

Jumapili jioni narudi, kufuli la geti limevunjwa.

Mwizi! Nikakimbilia nyuma na jiwe mkononi.

Nikamkuta Mama Qamara ameketi chini, kichwa cha mama kiko mapajani mwake. Anamnywesha maziwa kwa kijiko, yanamwagika shingoni. Mikono ya yule mama wa watu imechanwachanwa na miiba, damu imekauka.

"Shikamoo, mama," nilisema, jiwe bado ninalo. "Unafanya nini hapa?"

Akamfuta mama shingo kwanza.

"Miezi mitano nakuja," akasema. "Asubuhi maziwa, mchana tena. Namwosha, namgeuza. Juzi nimekuta miiba, nikajua mmenikataa. Jana nimeita getini, kimya. Leo nimejaribu kupita kwenye miiba nikashindwa, nikamwambia mwanangu Qamara avunje kufuli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Mlikuwa na kwaya hapo mbele. Yeye analia huku, ninyi mnaimba. Nikaona bora nimpe maziwa."

Nikaweka jiwe chini. Nikaishika ile chupa ya uji. Ilikuwa imejaa vilevile. Kifuniko nilikikaza mwenyewe, kwa nguvu, ili uji usipoe. Mtu wa mkono mmoja angekifunguaje?

Mama alifariki Jumanne, zahanati. Mwili ulikuwa umeishiwa maji.

Sasa sikilizeni kinachonila mpaka leo. Siku ya mazishi padre alinisifu kwa kumtunza mama, akakumbusha ule ushuhuda wangu. Watu wote wakaitikia amina. Mama Qamara alikuwa amesimama pembeni, peke yake, anasikia yote.

Na mimi nikasema amina.

Nimeshaungama. Padre aliniambia nimwombe msamaha yule mama, halafu niseme ukweli pale pale nilipodanganyia. Kwa Mama Qamara nimekwenda. Alinikaribisha, akanipa maziwa ninywe, nikashindwa kuyameza.

Bado waumini. Jumapili hii ibada ni yangu, nitasema. Nimeandika hapa kwanza ili nisipate pa kukimbilia. Wakitaka kuninyang'anya ukatekista, wachukue.

Ndugu yangu unayesoma, kazi ya kanisa isikufanye upite mlango wa mama yako bila kuingia. Mimi nilipita miezi mitano, Biblia ikiwa kwapani.